Neti imekufa ofisini? Kagua konfigi kabla hujabonyeza riseti

Wakuu, huku kwetu kusini ofisi ikikosa mtandao watu wanagawanyika fasta, mmoja anaanza kulaumu kampuni ya intaneti, mwingine anatafuta kipini cha kubonyezea kale katundu ka riseti nyuma ya rauta. Huyo wa pili mshikeni mkono. Akishabonyeza tu, konfigi (mipangilio yote ya kifaa) imekwenda na ushahidi wa kilichotokea umekwenda nao, na kama hamna bakapu basi hapo mnaanza upya kama mmenunua kifaa leo.

Kwa ofisi nilizozizoea mimi, za Mtwara mjini, Masasi, Lindi mpaka Nachingwea, kifaa kufa chenyewe ni mara chache (radi tuiweke pembeni, nitaifikia). Mara nyingi kuna mtu kabadilisha kitu, au kitu kilibadilishwa zamani hakikuseviwa, na hakuna aliyeandika popote. Kwahiyo kazi nzima ya kutafuta tatizo inaishia kwenye kujua nini kimebadilika tangu mara ya mwisho mtandao ulipokuwa mzima, na hilo hulijui kama huna konfigi ya zamani ya kulinganishia.

Mwenye ofisi akipiga simu msikilize vizuri lakini jibu lake la kwanza usilibebe lilivyo. Mazungumzo huwa hivi, mfano mama mhasibu wa chama cha msingi huko Tandahimba:

"Shikamoo mama."
"Marahaba baba. Mtandao umekufa."
"Tangu lini?"
"Tangu asubuhi, jana jioni ulikuwepo."
"Kuna mtu kagusa kile kikabati cha waya?"
"Hamna, hajagusa mtu."
"Hata kuchomeka kitu chochote?"
"Aah, alikuja tu yule kijana wa printa, kaunganisha waya wake kidogo akaondoka."

Haya, pa kuanzia si pameshapatikana. Huyo kijana wa printa tutarudi kwake.

Kwanza jua kama tatizo ni lenu

Fungua laptopu, piga ping (ujumbe mfupi wa kujaribu kama kifaa kinajibu) kwa gateway yenu ya ndani (rauta inayowatoa nje), ikijibu piga kwa gateway ya kampuni ya intaneti, alafu 8.8.8.8 (seva ya Google), mwisho kabisa piga kwa jina la tovuti. Pale panapokatika ndo penye ishu. Ya ndani inajibu na ya kampuni haijibu, tatizo liko kwenye laini au kwenye poti inayotoka nje. 8.8.8.8 inajibu ila jina halijibu, hiyo ni DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba), usiguse kingine. Zote zinajibu lakini watu wanalalamika, soma chini kidogo kwenye habari ya MTU (ukubwa wa pakiti unaoruhusiwa kupita).

Hatua hii ndogo inaokoa watu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima, hapakuwa na rauta yoyote ya Mtwara iliyokosea chochote siku ile, ila kuna ofisi zilibonyeza riseti, zikabadilisha DNS, zikafuta na VPN (njia ya siri inayounganisha ofisi kupitia intaneti) kabisa. Intaneti ya wengine ikarudi, wao wakabaki na tatizo jipya la kujitengenezea.

Ukishajua ni la ndani, kabla hujabadilisha hata herufi moja chukua hali ilivyo. Kwenye rauta za MikroTik andika `/export file=kabla` alafu lishushe faili kwenye laptopu, kwenye vifaa vya Cisco piga `show running-config` na `show logging` nakili yote uweke kwenye faili la maandishi. Na usizime-uwashe kwanza, kwasababu logi kwenye vifaa hivi kwa kawaida inakaa kwenye memori, ukizima imefutika na hutajua tena nini kilitokea saa tisa usiku.

Umeme umerudi, konfigi haijarudi

Hii huku ni ya kila mara. Umeme unakatika, unarudi, na swichi inaamka ikiwa na mambo ya mwaka juzi, VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi) mpya haipo, poti ya bosi haifanyi kazi, kamera zimepotea. Mtu anasema swichi mbovu. Swichi nzima, ila Cisco na jamaa zake wana konfigi mbili, ile inayofanya kazi sa hivi inaitwa running-config ipo kwenye RAM (memori inayofutika umeme ukikatika), na ile ya kuamkia inaitwa startup-config ipo kwenye NVRAM (isiyofutika). Fundi alibadilisha, akaona inafanya kazi, akafunga laptopu akaenda zake kula pweza Feri, hakupiga `copy running-config startup-config`, na kwasababu umeme ulikaa vizuri miezi kadhaa hakuna aliyegundua. Kwahiyo mkikuta tatizo limeanza baada ya umeme kurudi, msiulize nani kagusa leo, ulizeni nani aligusa tangu kifaa kilipozimika mara ya mwisho. `show version` inakuonyesha kifaa kimewaka kwa muda gani, hapo unapata picha.

Ukitaka kujua kama kuna kitu hakijaseviwa kabla umeme haujakatika, IOS, programu ya ndani ya vifaa vya Cisco, ina amri ya kulinganisha:

`show archive config differences nvram:startup-config system:running-config`

Mistari yenye alama ya kujumlisha ipo kwenye inayofanya kazi na haipo kwenye ya kuamkia, yenye kutoa ni kinyume chake. Ikitoka bila tofauti, lala usingizi.

Kuna ndugu yake wa hii dalili, rauta inaamka tupu kabisa inakuuliza kama unataka kuanza usanidi wa mwanzo wakati una uhakika mlisevu. Angalia mstari wa mwisho wa `show version`, kama register (namba inayoamua kifaa kiamkeje) ni 0x2142 basi kuna mtu aliwahi kuokoa paswedi iliyosahaulika akaacha hapo, na namba hiyo inaiambia rauta iruke startup-config. Konfigi yenu ipo salama imelala tu. Usipige `write` hapo! Ukipiga unaandika tupu juu ya nzima. Ingia enable, `copy startup-config running-config`, kagua, washa interface kwa `no shutdown` maana zitakuwa zimezimwa, rudisha `config-register 0x2102`, alafu ndo usevu.

MikroTik haina hii habari ya konfigi mbili, ukibadilisha kimeandikwa palepale. Kwahiyo ikiamka na 192.168.88.1 (anwani yake ya kiwandani) ujue imerisetiwa na mtu, au kifaa kina ugonjwa wa kweli. Ila MikroTik ina kituko chake umeme ukirudi, nyingi za bei ya kawaida hazina betri ya saa, tarehe inaweza kurudi mpaka 1970. Unaweza kuona VPN ya cheti imegoma, ratiba za bakapu zimeruka, logi zina tarehe za ajabu. Dawa ni NTP (huduma ya kusahihisha saa kupitia mtandao), ila kuna mtego: mtu kaweka NTP kwa jina, na DNS kaiweka ile ya kupitia HTTPS yenye kukagua cheti. Saa mbaya, cheti kinakataliwa, DNS haifanyi kazi, NTP haipati anwani, saa inabaki mbaya. Inazunguka hapo hapo milele. Weka angalau seva moja ya NTP kwa namba ya IP, imeisha.

Na wale wa vifaa vya UniFi na Omada, nyie kwenu konfigi inakaa kwenye kontrola (programu inayosimamia vifaa vyote). Ukiingia kwenye kifaa kwa SSH (njia ya kuingia kwa mbali kwa amri) ukarekebisha kitu kwa mkono, kontrola ikikisukumia konfigi yake tena inafuta uliyofanya. Mtu anasema "kila nikirekebisha inarudi", kumbe anarekebisha sehemu siyo. Bakapu yenu ya maana ni ya kontrola, na kama kontrola iko kwenye kompyuta ya sekretari yule anayeizima saa tisa na nusu, muangalie namna nyingine.

Umebadilisha kitu ukiwa mbali, mara paap, hauingii tena

Uko Mtwara mjini, rauta iko Masasi, kilomita kama 200. Umebadilisha IP ya poti ile ile uliyoingilia, au umeweka sheria ya fayawo (kinga ya mtandao) ya kukataa kabla ya ile ya kuruhusu, skrini imeganda. Hapo hakuna ujanja kama hukujiandaa, ni kupanda gari au kumwelekeza mtu wa kule kwa simu. Kumwelekeza mtu kwa simu aingie konsoli (kwa waya wa moja kwa moja) ni adhabu, niamini.

Kujiandaa ndo hivi. MikroTik kabla hujagusa bonyeza Safe Mode kwenye Winbox (programu ya kusimamia MikroTik), au Ctrl+X kwenye terminal. Ukikatika, rauta inatengua uliyofanya yenyewe. Ukimaliza salama unabonyeza tena kutoka. Angalizo watu wengi hawalijui: historia inabeba matendo kama 100 tu ya mwisho, ukibandika skripti ndefu kuliko hapo inatoka Safe Mode yenyewe na hakuna kitakachotenguliwa, kwahiyo bandika vipande vipande.

Cisco piga `reload in 10` kabla ya kuanza. Ukijifungia nje, baada ya dakika kumi inajizima na kuamka na startup-config ya zamani. Ikienda vizuri piga `reload cancel` alafu sevu. Mpangilio huo usiubadilishe, maana ukisevu kabla ya kujaribu, itaamka na konfigi ile ile mbovu iliyokufungia, utakuwa umejifungia mara mbili. Ubaya wa njia hii ni kwamba kifaa kizima kinalala dakika kadhaa na watu wote nao. Kama IOS yenu ina `archive` (hifadhi ya nakala za konfigi) iliyosetiwa vizuri, tumia `configure terminal revert timer 10`, ambayo inarudisha konfigi bila kuzima chochote, na ukiridhika unapiga `configure confirm`. Vifaa vya Juniper ni raha zaidi, `commit confirmed`, usipothibitisha ndani ya dakika kumi inarudi ilivyokuwa.

Msidhani ni ishu ya mafundi wa mikoani peke yao. Tarehe 4 Oktoba 2021, saa 12:39 jioni kwa saa zetu, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima dunia nzima kwa takribani saa sita. Maelezo waliyotoa wenyewe ni kwamba amri moja ya matengenezo ya kawaida iliangusha mtandao wao wa uti wa mgongo, na chombo kilichotakiwa kuizuia amri kama hiyo kilikuwa na hitilafu. Tena wahandisi wao wakashindwa kuingia kwa mbali kwasababu njia za kuingilia zilipita kwenye mtandao ule ule uliokufa. Ndo maana nasisitiza muwe na njia ya pili ya kuingilia, hata modemu ya laini ya simu iliyochomekwa kwenye rauta ya tawi inatosha.

Umeongeza VLAN moja, zingine zote zimekufa

Hii ikitokea saa nne asubuhi siku ya mnada wa korosho utaitwa majina yote. Poti ya trunk (inayobeba VLAN nyingi kati ya swichi) ilikuwa inapitisha VLAN 10, 20 na 30. Fundi anataka kuongeza 40, anaandika:

`switchport trunk allowed vlan 40`

Cisco haielewi kwamba unaongeza, inaelewa kwamba orodha mpya ni 40 peke yake. Kumi, ishirini na thelathini zimefutwa kwenye trunk papo hapo. Ilitakiwa:

`switchport trunk allowed vlan add 40`

Neno moja tu, `add`. Dalili yake ni kwamba jengo zima upande wa pili linapotea kwa wakati mmoja ila taa za poti zinawaka kawaida, na `show interfaces trunk` inakuonyesha VLAN zilizobaki. Kama njia yako ya kuingilia ilipita kwenye moja ya VLAN hizo, rudi kwenye habari ya `reload in`.

Kama VLAN zimepotea kwenye swichi zote kwa pamoja na hakuna aliyeandika amri yoyote, uliza kama kuna swichi ya mtumba imechomekwa. VTP (njia ya swichi za Cisco kugawiana orodha ya VLAN) toleo la 1 na la 2 zinaangalia namba ya marekebisho: swichi ikija na jina lile lile la domain na paswedi ile ile ila namba yake iko juu kuliko zenu, orodha yake ya VLAN inawafunika wote. Na msidanganyike kwamba mliifuta kwa `write erase`, ile haigusi faili la vlan.dat lililoko kwenye flash, lazima ulifute lenyewe. Mimi kwa ofisi zetu hizi zenye swichi nne tano nasema wekeni zote `vtp mode transparent` (swichi isichukue orodha ya mwenzake) muishi kwa amani, VLAN tano kuziandika kwa mkono hakuui mtu.

Wengine wanapata, wengine hawapati

Sasa tumrudie kijana wa printa. Dalili: kompyuta mbili tatu zinapata mtandao, zingine hapana, baada ya nusu saa zinabadilishana. Nenda kwenye isiyopata, `ipconfig /all`, usome.

Ukikuta anwani inaanza na 169.254 maana yake haikupata DHCP (huduma ya kugawa anwani) kabisa. Ukikuta 192.168.0 au 192.168.1 wakati ofisi yenu inatumia kitu kingine kama 10.10, kuna mtu kachomeka karauta ka nyumbani kwenye swichi kupitia poti ya LAN na kanagawa anwani zake. Angalia seva ya DHCP iliyoandikwa pale, tafuta MAC yake (namba ya kiwandani ya kifaa) kwa `arp -a`, alafu ufuatilie kwenye swichi kwa `show mac address-table` mpaka upate poti. Utaikuta chini ya meza ya mtu aliyetaka Wi-Fi yenye nguvu.

Na ukikuta anwani ziko sawa kabisa ila gateway inajibu mara ndiyo mara hapana, tazama MAC ya gateway kwenye `arp -a` kwenye mashine mbili tofauti. Zikitofautiana, kuna kifaa kingine kimejipa anwani ya gateway, na printa ndo mshukiwa namba moja maana mafundi wa printa wanapenda kuweka IP kwa mkono bila kuuliza, anaona ya kwanza kwenye mfuatano anachukua. Chomoa waya wa printa, kama mtandao unatulia umemaliza. Mpe printa anwani iliyotengwa nje ya zile DHCP inazogawa, na hiyo anwani iandikwe.

Kuzuia karauta kale kanakogawa anwani kuna DHCP snooping (swichi kukataa mgawaji asiyeruhusiwa) kwenye swichi, ila poti inayoelekea kwenye seva halali lazima iwe `ip dhcp snooping trust`. Ukisahau hiyo, hakuna hata mmoja atakayepata anwani. MikroTik ina `/ip dhcp-server alert` ya kukupigia kelele akitokea mgawaji mwingine.

Taratibu, inakwamakwama

Huku pwani usiikimbilie konfigi moja kwa moja. Chumvi ya Shangani na Mikindani inakula pini za RJ45 (vichwa vya kebo ya mtandao), na poti ya 1000 inahitaji jozi zote nne za waya wakati ya 100 inahitaji jozi mbili tu, kwahiyo pini moja ikishika kutu poti inaweza kushuka mpaka 100 na mtu akasema intaneti imekuwa ndogo. Pande zote ziko auto na spidi imeshuka, badilisha kebo kwanza.

Konfigi inahusika pale upande mmoja umekazwa 100 full (kutuma na kupokea kwa pamoja) na mwingine umeachwa auto. Wa auto unashindwa kuelewana na mwenzake, unajiweka half (zamu kwa zamu). Kwenye `show interfaces` utaona late collision upande wa half na makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) upande wa full, ping ndogo zinapita vizuri ila kunakili faili ni kilio. Weka zote auto au zote zikazwe sawa.

Ile ya tovuti zingine kufunguka na zingine kugoma, hasa za benki na mifumo ya serikali, mara nyingi ni MTU kwenye laini ya PPPoE (ile inayoingia kwa yuza na paswedi ya kampuni). Kwenye Windows jaribu `ping -f -l 1464 8.8.8.8`. Hiyo na baiti 28 za vichwa ni 1492, ikipita na 1472 ikakataa unajua ulipo. Weka MSS (kiasi cha data ndani ya pakiti) 1452 kwenye rauta.

Kifaa kimepigwa radi, kipya kimekuja, bakapu inagoma

Hapa ndo penye uchungu wa kweli, nitakaa kidogo. Masika radi ikipita rauta ina bahati yake. Mmenunua mpya, mnatoa lile faili la bakapu kwa furaha, linakataa, au linakubali alafu mambo yanakuwa ya ajabu.

MikroTik ina bakapu za aina mbili na watu wanazichanganya. `/system backup save` inatoa faili la .backup lisilosomeka, limekusudiwa kurudishwa kwenye kifaa kile kile. Ukilipakia kwenye kingine linabeba mpaka MAC za kifaa cha zamani, na kama modeli ni tofauti poti hazilingani. `/export` inatoa .rsc ya maandishi, hii unaweza kuifungua, ukabadilisha majina ya poti, ukaipakia kipande kwa kipande ukaona mstari gani unakwama. Chukua zote mbili kila mara. Lakini jua export haibebi paswedi za mayuza, wala vyeti, wala funguo za SSH. Na kuanzia RouterOS toleo la 7 export inaficha siri zote mpaka uandike `show-sensitive`, kwahiyo kuna watu wana bakapu nzuri kabisa isiyo na paswedi ya PPPoE wala ufunguo wa Wi-Fi, wataligundua hilo siku ya msiba.

Cisco nayo, `show running-config` haibebi funguo za SSH, unatengeneza upya kwa `crypto key generate rsa`. Na swichi ikiwa kwenye VTP server, majina ya VLAN za kawaida yako kwenye vlan.dat, hutayaona kwenye konfigi. Nakili vlan.dat pia, au ndo ile transparent niliyosema.

Andika na toleo la programu lililokuwepo. Konfigi ya RouterOS 7 kwenye kifaa cha 6 haiingii yote, mambo ya BGP na OSPF (njia za rauta kuelezana njia) yalibadilika sana.

Alafu kuna suala la kifaa chenyewe kupatikana. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zake vilipokata barabara ya Dar maeneo ya Somanga, hata ungekuwa na hela mkononi rauta isingefika Lindi kwa basi la siku ile. Ofisi inayotegemea mtandao kwa kazi za kila siku iwe na ka rauta ka akiba kabatini, ka modeli ile ile, kameshapakiwa konfigi ya hivi karibuni na kujaribiwa jioni moja watu wakiwa wametoka. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa kwenye kifaa chochote mimi siihesabu.

Wapi pa kuweka mafaili? Wenye vifaa vingi wafunge Oxidized, ni ya bure, inapita kwenye vifaa kwa ratiba, inachukua konfigi na kuziweka kwenye Git (hifadhi inayotunza kila toleo), ikibadilika unaona mstari kwa mstari. Wenye vifaa vitatu inatosha folda yenye majina ya maana, kama `masasi-rauta-2025-03-14-kabla-ya-vpn.rsc`, na WinMerge ya kulinganisha. Jina la `backup final mpya 2` halimsaidii mtu. Na tafadhalini msitupie konfigi kwenye magrupu ya WhatsApp mkiomba msaada bila kufuta siri, zile paswedi za Cisco za aina ya 7 zinafunguliwa kwa sekunde na tovuti za bure. TFTP nayo (njia ya kuhamisha mafaili) inapitisha kila kitu wazi, tumia SCP inayoficha.

Konfigi imebadilika na kila mtu anakana

Kama watu sita wanaingia kwa yuza moja wa admin na paswedi moja ambayo hata fundi aliyeacha kazi anaijua, usitegemee jibu. Kila mtu awe na yuza wake, na logi zitumwe kwenye seva ya syslog nje ya kifaa, saa iwe sawa kwa NTP, hapo `show logging` au logi ya MikroTik itakuambia nani kaingia, saa ngapi, kutokea IP gani.

Ila mara nyingine wanakana kwa haki. MikroTik zilikuwa na tundu kwenye Winbox lililojulikana kama CVE-2018-14847, lilizibwa Aprili 2018 kwenye 6.42.1, na mpaka leo bado utakuta rauta za zamani hazijawahi kuapdetiwa na poti 8291 (ya Winbox) iko wazi kwa dunia nzima. Kupitia hapo mtu anachota mayuza na paswedi bila kuingia. Ukikuta yuza usiyemjua, socks (huduma ya kupitishia trafiki ya wengine) imewashwa, kwenye `/system scheduler` kuna kazi inayovuta skripti kutoka anwani ngeni, au DNS inaelekeza sehemu hamkuiweka, usikae unafuta kimoja kimoja. Toa konfigi kwa export uisome kwa macho, safisha kifaa kwa Netinstall (programu ya MikroTik ya kufuta na kusakinisha upya) kwa kutumia kebo na toleo jipya, rudisha mistari unayoielewa tu, badilisha paswedi zote pamoja na za PPPoE na VPN kwasababu hizo nazo alishazisoma. Kisha `/ip service` zima telnet, ftp na www kama huzitumii, na Winbox iruhusu kutoka anwani za mafundi peke yake, ukiweka hiyo sheria ukiwa kwenye Safe Mode.